Sanduku la Fundi na Hazina ya Hezekia

Masomo: 2 Wafalme 20:12–19; Danieli 5:1–4; Ezra 1:7–11



Padre ameniomba niandike neno juu ya jambo lililozungumzwa sana katika parishi yetu tangu Jumapili ya Mavuno, yaani masanduku ya mafundi. Mliokuwapo mwakumbuka kwamba mafundi makanika, badala ya kununua sokoni mahindi wasiyoyalima, walileta masanduku yao ya spana, wakayafungua karibu na madhabahu ili yabarikiwe. Kila spana ilikuwa imefutwa mafuta, nazo zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule kwenye mstari wa asubuhi. Baada ya ibada watu waliyatazama masanduku yale kuliko walivyotazama maboga.

Tangu siku ile vijana wameanza kushindana. Huyu ana sanduku la droo tatu, yule ametafuta la droo saba lenye magurudumu, na picha zapita kutoka simu hadi simu. Basi wazee wawili wa kanisa wametofautiana. Mmoja asema ni kiburi tupu, na kwamba kitu cha gereji kikae gereji. Mwingine asema mwacheni fundi afurahie vyombo vyake, kama vile mfugaji anavyowasimamisha wageni zizini awaonyeshe ng'ombe. Wote wawili ni watu ninaowaheshimu, na wote wawili wamengoja niseme nani ameshinda.

Sitasema nani ameshinda. Lakini Maandiko Matakatifu yana habari ya mtu aliyefungua ghala lake akawaonyesha wageni kila kilichokuwamo, na habari hiyo twaisoma upesi mno.

Mfalme Hezekia alikuwa ameugua karibu kufa. Akaomba, akalia, Bwana akamwongezea miaka 15, na ishara aliyopewa ni kwamba kivuli kilirudi nyuma madaraja kumi. Habari zikafika mbali. Mfalme wa Babeli akatuma wajumbe wenye barua na zawadi. Hezekia akafurahi, akawatembeza: fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, nyumba ya silaha, ghala zote. Hakubakiza mlango.

Wahubiri wengi husema kosa la Hezekia lilikuwa kuwa na mali, au kuionyesha. Mimi nawaomba msome pia 2 Mambo ya Nyakati 32, aya ya 31. Hapo twaambiwa wajumbe wale walikuja kuulizia ile ajabu iliyotendeka katika nchi. Waliulizia tendo la Mungu, nao wakaonyeshwa ghala! Mtu aliyerudishwa kutoka mlango wa kaburi aulizwa juu ya uponyaji wake, naye ajibu kwa kufungua kabati.

Kisha angalieni jinsi anavyomjibu nabii Isaya. Nabii amwuliza maswali mawili kwa pamoja: watu hawa walisema nini, na wametoka wapi? Hezekia ajibu la pili tu, kwamba wametoka mbali, Babeli. La kwanza aliruka. Sisi tuliosahihisha mitihani miaka mingi twamjua mwanafunzi wa namna hiyo. Aruka swali la kwanza kwa sababu alijua jibu lake, wala hakulipenda. Alipoulizwa wameona nini, hapo ndipo alipojibu kwa ukamilifu.

Kwa hiyo swali la kumwuliza fundi si kama sanduku lake ni zuri. Swali ni hili: mtu akija kwako kuulizia breki za gari lake, wewe wamwonyesha nini?

Sasa nataka tuseme kidogo juu ya kupanga kwenyewe, maana naona wengine mwadhani ni urembo tu.

Gari la Kijapani, ambalo ndilo tulilo nalo wengi, hufunguliwa zaidi kwa spana namba 10, 12, 14, 17 na 19. Gari la Ulaya litakudai 13 mara kwa mara. Land Rover za zamani zilifungwa kwa nati za inchi, na ndiyo maana mafundi wazee wana seti mbili, nao hukasirika kijana akizichanganya, kwa sababu spana ya inchi iliyokaribiana na ya milimita itaingia, itateleza, na kichwa cha nati kitaviringika. Soketi nazo zina kichekesho chake: upande wa nati hupimwa kwa milimita, lakini lile tundu la mraba la kushikia mpini hupimwa kwa inchi, robo au nusu, hata kwenye seti iliyotengenezwa nchi isiyojua inchi. Spana namba 10 ndiyo hupotea kuliko zote; fundi yeyote atakuambia hivyo, iwe hapa au ng'ambo. Na ipo ile spana ya kujirekebisha, ambayo Mswidi Johan Petter Johansson aliitengenezea hataza mwaka 1892, nayo huingia kila nati. Mafundi wetu wameipa jina nisiloweza kuliandika katika gazeti la parishi.

Fundi mwenye akili huweka vizito chini na vyepesi juu. Spana huzipanga kutoka ndogo hadi kubwa, kila moja katika kitanda chake, na kitanda hicho amekikata katika kipande cha godoro la sponji kwa umbo la ile spana. Katika karakana ya chuo cha ualimu nilikofundisha palikuwa na ubao mkubwa ukutani. Juu yake umbo la kila chombo lilichorwa kwa rangi nyeusi: nyundo, msumeno, tupa, koleo, bisibisi. Chombo kikiondolewa, kivuli chake chabaki kinakutazama. Hakuna mwalimu aliyehitaji kupiga kelele. Ilipofika saa kumi jioni ulitazama ubao mara moja tu, ukajua kila kitu kimerudi au la.

Mwaona basi kwamba sanduku lililopangwa vizuri halionyeshi vilivyomo tu. Laonyesha kisichokuwamo, na faida hiyo kabati la urembo halina.

Desemba 2023 mafundi huko Los Angeles, Marekani, waliikagua injini ya ndege kubwa ya shirika la Qantas, aina ya Airbus A380. Kwa kazi hiyo walitumia kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25, cha kuzungushia injini kwa mkono. Kazi ikaisha, kifaa kikabaki ndani. Ndege ikaruka na abiria wake safari 34, karibu saa 294 angani, hata kilipoonekana tarehe 1 Januari 2024 katika ukaguzi mwingine. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Wachunguzi wa serikali ya Australia walieleza jambo ambalo ndilo la kutisha: ilikuwa imejulikana kwamba kifaa hakipo mahali pake, na bado utaratibu wa kukitafuta haukuanzishwa kabla ndege haijaruhusiwa kuruka. Kivuli kilikuwa kinatazama, na watu wakageuza uso.

Msiseme hayo ni ya ndege. Nitawaambia la gari, nalo nalijua mwenyewe.

Katika gereji moja, ambayo sitaitaja wala mji wake, alikuwapo kijana wa miaka 16, spana boi, mwana wa mjane. Spana ya pete namba 19 ikapotea. Masanduku ya gereji ile yalikuwa kama pipa la vyuma chakavu, kila mtu achukua, kila mtu atupa. Hakuna aliyejua ilionekana mara ya mwisho siku gani, wala nani aliishika. Basi ikahukumiwa kwamba aliyeiba ni yule mdogo kuliko wote. Akapigwa kofi mbele ya wateja, akakatwa ujira wa wiki tatu, akafukuzwa. Mama yake alikuja kwangu amejifunga khanga kichwani, hakulia, akauliza neno moja tu: mwanawe ataanzia wapi tena, maana gereji zote za mji ule zajuana?

Baada ya miezi miwili lori moja lilioshwa chini, na ile spana ikaonekana imelala juu ya chuma cha chesisi, imeshikwa na matope. Ilikuwa imetembea na lori kwenda na kurudi bandarini mara nyingi. Spana ikarudishwa katika pipa, watu wakacheka, kazi zikaendelea. Hakuna aliyekwenda kumtafuta kijana amwambie neno. Nilipomwona alikuwa akiuza maji stendi. Nikampa habari kwamba spana imeonekana. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu, asante," akalikimbilia basi lililokuwa linaingia.

Kama pangekuwapo ubao wa vivuli, au hata kitanda cha sponji, jioni ile ile saa kumi na moja wangeona namba 19 haipo, na lori lilikuwa bado limesimama uani. Wangeinama wakaiona. Wazee wangu mnaosema kupanga spana ni kiburi, mnisamehe. Hapa kupanga kulikuwa ni amri ya nane na amri ya tisa pamoja. Mahali pasipo na hesabu, mnyonge ndiye hulipa, kwa sababu mkubwa hashukiwi na aliyezembea hajulikani. Na ninyi wenye gereji, mkiwa na vijana chini yenu, hili nawaandikia kwa nguvu zote nilizo nazo: kabla hujamwita mtoto wa mtu mwizi, hakikisha una njia ya kujua.

Nirudi kwenye Babeli. Miaka zaidi ya mia moja baada ya Hezekia, neno la Isaya likatimia, Nebukadreza akaja akachukua hazina za nyumba ya mfalme na vyombo vya nyumba ya Bwana. Vyombo hivyo vyatokea tena katika Danieli sura ya 5. Mfalme Belshaza afanya karamu kwa wakuu wake elfu, naye, divai ikiisha kumwingia, aagiza viletwe vile vyombo vya Yerusalemu ili wavinywee. Sina shaka vilikuwa vimesuguliwa na kupangwa vizuri. Wakanywa, wakasifu miungu ya dhahabu na ya fedha, ya shaba, ya chuma, ya mti na ya mawe. Tazameni vema walichosifu: walisifu madini. Nami nimewasikia vijana wetu wakisimama mbele ya sanduku na kusifu kwamba spana hii ni ya kromi na vanadi, imeandikwa ubavuni, na ile ni ya Ujerumani, na nyingine ni ya Taiwan. Sawa, chuma kizuri ni kizuri, wala spana laini haifai, itafunguka mdomo siku ya kwanza. Lakini chombo kinachosifiwa kwa chuma chake tu, bila nati hata moja iliyofungwa nacho, kimekwisha kufika karamu ya Belshaza.

Vijana wawili wa parishi hii wamechukua mkopo wa kikundi ili wanunue makabati mekundu ya droo. Sitawataja, wanajijua, na wake zao wanajijua zaidi. Mmoja wao hana spana ya kupimia nguvu, ile inayomwambia fundi kwamba nati ya silinda hedi imekazwa kiasi chake; hukaza kwa kukisia kwa bega. Kabati analo. Wateja hupiga picha karibu nalo.

Akina mama wa Umoja msicheke. Yapo makabati ya glasi sebuleni yenye vikombe visivyopata kuonja chai tangu harusi, na mgeni hupewa kikombe cha plastiki. Na sisi walimu twatundika vyeti ukutani.

Lakini vyombo vile vya Yerusalemu havikuishia katika karamu. Belshaza aliuawa usiku ule ule. Babeli ikaanguka mwaka 539 kabla ya Kristo, na Koreshi mfalme wa Uajemi akaamuru Wayahudi warudi na vyombo vya Mungu wao. Ezra sura ya kwanza yatuonyesha mtunza hazina Mithredathi akivihesabu mbele ya Sheshbaza. Sahani za dhahabu 30. Sahani za fedha 1,000. Visu 29. Mabakuli ya dhahabu 30. Mabakuli ya fedha ya namna ya pili 410. Vyombo vinginevyo 1,000. Jumla ya vyote, 5,400.

Mwenye kalamu na ajumlishe. Atapata 2,499. Kila mwaka palikuwa na mwanachuo mmoja aliyeniletea hesabu hiyo kwa furaha kubwa, kana kwamba amemkamata Ezra akiiba. Wataalamu wameandika mengi juu yake, na jibu lililo jepesi ni kwamba orodha haikutaja kila aina. Mimi jambo linaloninasa ni vile visu. Ishirini na tisa! Sahani ni 30, mabakuli ni 30, na mwandishi mvivu angeandika visu 30 akafunga kitabu. Nani angejua? Lakini kimoja hakikuwapo, labda kilipotea njiani, labda mkuu mmoja alikitia mfukoni usiku wa karamu, na Mithredathi akaandika 29. Mpagani wa Uajemi, mtumishi wa mfalme wa kigeni, akaandika kile alichokiona. Visu vile vilionyeshwa mara mbili basi. Mara ya kwanza mezani kwa Belshaza, ili watu washangae. Mara ya pili mbele ya Sheshbaza, ili pasiwe na ugomvi, na ili virudi kazini hekaluni.

Kanisa letu la Anglikana lilijifunza hesabu hiyo mapema katika nchi hizi. Wazee wa kando ya Ziwa Nyasa mwaijua meli ya Misheni, Chauncy Maples, iliyopewa jina la Askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Ilijengwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande katika vifurushi 3,481, na boila lake la tani 11 likavutwa nchi kavu na Wangoni kwa mikono na kamba. Mwaka 1901 ikaelea. Hawakusema "vifurushi vingi". Walisema 3,481, kwa maana kifurushi kimoja cha bolti kikikosekana huko porini, duka la vipuri lilikuwa Uskoti.

Na kabla ya hao wote, Musa. Katika Hesabu sura ya 4 wana wa Merari wapewa kubeba mbao za maskani, nguzo, vikalio, vigingi na kamba. Twaambiwa kila chombo wapewe kwa jina lake. Kigingi cha hema chaandikwa kwa jina! Mtu angedhani Mungu aangalia sanduku la agano tu, na vigingi atawaachia wanadamu. Yule Bezaleli aliyechaguliwa kujenga, Kutoka 31, alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, kukata mawe na kuchonga miti. Makanika asijidharau mbele ya karani.

Juu ya uzuri wenyewe nina neno moja, maana mzee wangu wa kwanza ataniambia bado sijamjibu kuhusu kiburi. Huko Massachusetts, Marekani, aliishi fundi wa vinanda na ogani, jina lake Henry Studley, aliyezaliwa mwaka 1838 akafa 1925. Alijitengenezea sanduku la kutundika ukutani. Likifungwa lina urefu wa karibu mita moja na upana wa karibu nusu mita, nalo lina zana kama 300, zimelala tabaka juu ya tabaka katika vijibao vinavyofunguka kama kurasa za kitabu. Limenakshiwa kwa mti wa mpingo, chaza na pembe za ndovu, vitu ambavyo mtengeneza vinanda alikuwa navyo kazini. Limepata kuwekwa katika jumba la makumbusho la taifa la Marekani, na waseremala wa dunia nzima hulitamani. Mimi siwezi kuliita dhambi. Mtu aliyefanya kazi za watu kwa ustadi miaka mingi, naye akajitengenezea nyumba ya zana zake kwa ustadi ule ule, amemsifu Muumba wake hata kama hakukusudia.

Ila neno "pembe" linanishika. Miaka ile pembe nyingi za kutengenezea vinanda vya Marekani zilipita Unguja, kisiwa ambacho kanisa letu kuu lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Pembe zile hazikutembea zenyewe kutoka bara hadi pwani. Zilibebwa na mabega, na mengi ya mabega yale hayakuwa na ruhusa ya kukataa. Siwezi kusema zilizo katika sanduku la Studley zilitoka wapi. Nasema tu kwamba kitu kizuri kina njia iliyokileta.

Basi sanduku lako, kijana, lina njia gani? Mwajua vizuri kuna watu wapitao gereji saa mbili usiku na mfuko wa spana, bei nusu ya dukani. Fundi hununua wala haulizi. Kesho yake fundi wa mtaa wa pili amesimama mbele ya gari la mteja hana cha kushika, watoto wake wanangoja. Ukizipanga spana hizo katika sponji, umepanga njaa ya mwenzio kwa ukubwa. Zana ziwekwe alama, herufi za jina zichongwe mpini, na anayeletewa chenye alama ya mwingine akirudishe, hata kama amekwisha kukilipia.

Alikuwapo katika parishi yetu mzee mmoja, sasa ni marehemu, ambaye hakuwa na sanduku kabisa. Zana zake zilikaa katika mfuko wa unga, nazo zilikuwa 14. Kabla ya kugusa gari alitandika gunia chini, akazilaza moja moja, akahesabu kwa sauti. Kazi ikiisha akahesabu tena. Isipofika 14 boneti haikufungwa, hata mwenye gari apige honi namna gani. Usiku alifanya vivyo hivyo kwa taa ya koroboi. Watu walimcheka. Lakini madereva wa magari ya abiria walimtafuta yeye kwa breki, na sikusikia hata mara moja gurudumu alilolifunga likitoka njiani. Lile gunia lilikuwa maonyesho, ndugu zangu. Kila mpita njia aliona zana zote za mzee, na mwenye gari aliona kwamba hakuna kilichobaki ndani ya injini yake. Angekuja mjumbe wa Babeli pale, angeonyeshwa gari linalosimama ukikanyaga.

Kwa hiyo sanduku likija tena kanisani mwaka ujao, mimi nitalitazama kwa furaha. Nitaomba ruhusa nitazame na zile nafasi zilizo wazi, na nitauliza kimekwenda wapi kilichokuwamo. Fundi akinijibu kwamba amemwazima jirani aliyekwama, sitakuwa na swali jingine.

Kuazima nako kuna habari yake. Mwaikumbuka katika 2 Wafalme 6. Wana wa manabii wakata miti kando ya Yordani, na chuma cha shoka cha mmoja wao chachomoka chaanguka majini. Hakulia kwamba kazi itachelewa. Alilia kwamba kilikuwa cha kuazima. Siku zile chuma kilikuwa ghali, na maskini aliyepoteza shoka la mtu angeweza kulifanyia kazi muda mrefu. Elisha akatupa kijiti, chuma kikaelea, naye mtu yule akanyosha mkono akakitwaa. Mungu aliyerudisha kivuli nyuma kwa ajili ya mfalme alipandisha shoka kwa ajili ya mtu asiyetajwa hata jina, ili tu aweze kumrudishia mwenyewe. Kama alirudisha jioni ile ile hatuambiwi. Nadhani alirudisha.

Jeki ya parishi, ile ya tani mbili yenye rangi ya kijani, iliazimwa kabla ya Kwaresima. Daftari liko mezani vestri, na mstari wake bado uko wazi.